Kufuli la Cheche

Mambo yaliharibika siku ya Alhamisi, tarehe ishirini na sita Februari, saa nne asubuhi, Kinyozi akiwa amemaliza nusu tu ya kichwa cha Redio. Upande wa kulia uling'aa kama sahani, wa kushoto bado ulikuwa na nywele zake. Redio ni fundi cherehani, na jina hilo alipewa kwa kuwa hana kitufe cha kuzimia. Alikuwa akisimulia ugomvi wa wapangaji wenzake, kisa ambacho Kinyozi alikwisha kukisikia juzi yake, ila leo kilikuwa kimeongezewa watu. Ndipo kilima kikanguruma.

Kioo kikatetemeka ukutani. Chupa ya spiriti ikatembea yenyewe mpaka ukingoni mwa meza, Kinyozi akaidaka. Sauti ile haikuwa ngeni. Mtaa mzima unajua mvuke unavyolia ukifunguliwa kisimani, kama lori lililokatika breki linateremka wala halifiki. Lakini kabla ya kufungua huwa wanapiga king'ora, kirefu, mpaka mbwa wanaitikia, ili kila aliye karibu na mabomba ajitoe. Siku hiyo king'ora hakikulia.

"Wamefungua kimyakimya," Redio akasema. "Leo si wana wageni wa kuonyeshwa mvuke? Labda wameona wasiwatie wakubwa viziwi."

Mkono wa Kinyozi wenye mashine ya kunyolea ulibaki hewani, mashine inaendelea kuvuma bila kichwa.

Binti yake, mtoto wake wa pekee, ni fundi wa kuchomelea vyuma huko juu, kwenye kituo kinachojengwa cha kufua umeme kwa mvuke wa ardhini. Wenzake wanamwita Cheche. Asubuhi ile, akifunga kamba za viatu mlangoni, alimwambia baba yake kwamba leo anaingia ndani ya bomba kubwa, lile linalotoa mvuke kisimani kuupeleka kwenye mitambo. Kuna mshono haukushika vizuri, na haufikiki ila kwa ndani. Atatambaa kama mtoto mchanga, akasema, akacheka. Baba mtu hakucheka. Alimuuliza, na wakifungua mvuke je? Cheche akatoa mfukoni kufuli lake la kijani akalining'iniza mbele ya pua ya baba yake. Akamweleza tena, kama alivyomweleza kila mara, kwamba kwao anayeingia sehemu ya hatari hufunga valvu kwa kufuli lake mwenyewe, na ufunguo anaingia nao. Hata mkurugenzi aje na magari yake yote, valvu haigeuki mpaka mwenye kufuli atoke alifungue kwa mkono wake.

"Roho yangu nimeifungia mwenyewe, baba, na ufunguo ninao," akasema, akaenda zake.

Sasa mvuke umefunguliwa, na Cheche yumo ndani ya bomba.

Kinyozi alitoka vilevile alivyo, aproni kiunoni, mlango hakufunga. Redio akamfuata mbio, kitambaa cha kunyolea kimefungwa shingoni na kinapepea mgongoni kama bendera ya chama kilichoshindwa uchaguzi. Watu walianza kucheka, kisha wakaona uso wa Kinyozi, wakaacha.

Barabara ile ya kupanda kituoni Kinyozi alikuwa ameisusa. Mwaka walioleta mtambo wa kuchimbia visima ndio mwaka aliofiwa na mkewe. Alikuwa amemlaza kiti cha nyuma cha taksi, anampeleka hospitali, pumzi zimembana, wakafika njia panda askari akawasimamisha. Msafara unapita. Malori yale makubwa yalikuwa yanajikokota, mtu mmoja mbele na kitambaa chekundu anatembea kwa maringo kama bwana harusi. Kinyozi alishuka, akamwendea kila mwenye simu ya upepo mkononi, akawaonyesha mgonjwa. Kila mmoja alimwambia amri imetoka juu. Mkewe alikata roho palepale, wakingoja lori la mwisho. Baadaye wakubwa walituma rambirambi na maneno kwamba msafara ulifuata taratibu zote.

Walituma na ahadi pia. Umeme ukianza kufuliwa, mtaa huu ndio utakaoanza kuwaka. Nguzo zimesimikwa, nyaya zimepita juu kabisa ya bati la Kinyozi, zimekwenda zake, hazikugeuza hata shingo. Yeye hunyoa kwa jenereta. Kwa hiyo siku Cheche aliporudi akasema amepata kazi kituoni, nyumba ililala na njaa kwa hasira. Kinyozi alimuuliza kama ndio anakwenda kuwachomelea vyuma waliomuua mama yake. Cheche akamjibu polepole kwamba mtu aliye nje ya uzio huambiwa tu, na yeye amechoka kuambiwa.

Getini walikuta mahema meupe yamesimamishwa ndani, viti vimefunikwa vitambaa, na maua kwenye ndoo. Mlinzi wa geti alikuwa mteja wake wa kila wiki mbili. Alipomwona Kinyozi akaanza tabasamu, likamfia mdomoni.

"Leo hakuna kuingia, mzee wangu. Kuna ugeni."

"Mwanangu yumo ndani ya lile bomba."

"Nimeambiwa nisimruhusu yeyote."

"Umeambiwa na nani?"

Mlinzi akaonyesha kilimani kwa kidevu. "Na huko juu."

Kinyozi alishika vyuma vya geti. Juu, tena juu. Katika maisha yake hajapata kukutana na mtu anayekaa huko juu akakiri kwamba ndiye. Redio alimshika begani, akamwacha, akamshika tena.

Aliyewaletea habari alikuwa Mama Rangi, mwanamke anayepaka mabomba rangi ya kuzuia kutu. Alikuja anakimbia kutoka kwenye mabomba, shada la maua bado amelikumbatia, machozi yanamtiririka juu ya madoa ya rangi. Kazi yake asubuhi hiyo ilikuwa kukaa mdomoni mwa bomba. Mtu akiingia ndani, mwenzake lazima akae mdomoni, amwite kila mara, asikie jibu. Lakini akaja msaidizi wa mkubwa mmoja akamwambia wanawake wanatakiwa mapokezi, maua hayana wa kuyashika. Alikataa. Akaambiwa ni amri. Alipoondoka, Cheche alikuwa anavaa glavu, tayari kuingia.

"Na kufuli?" Kinyozi akamuuliza.

Mama Rangi akaeleza kwa vipande kwamba mvuke ulipolia alikimbilia kwenye valvu, akalikuta kufuli la kijani chini kwenye kokoto, shingo imekatwa. Kando yake mkasi mkubwa wa kukatia vyuma.

Kinyozi alikaa chini, mgongo kwenye nguzo ya geti, aproni imejaa nywele za Redio. Alijaribu kupiga simu ya Cheche. Iliita, ikaita. Mama Rangi akamwambia taratibu kwamba simu zote huachwa kwenye kabati la vyumba vya kubadilishia nguo, huko ndani haziruhusiwi. Kinyozi alisikia lakini akapiga tena. Mradi inaita, alijiambia, kuna kitu cha Cheche kinacholia mahali.

Mngurumo ukakatika. Walikuwa wamefunga valvu. Ukimya uliokuja ulikuwa mbaya kuliko kelele, maana sasa kila mtu alisikia anachokiwaza. Msimamizi mkuu wa ujenzi, ambaye mtaani wanamwita Kofia Nyeupe, aliteremka kwa miguu akiwa na watu wawili nyuma yake. Alisema hali imedhibitiwa. Alisema wafanyakazi wote wanahakikiwa. Alisema taratibu zote...

"Usinimalizie hilo neno," Kinyozi akamwambia kutoka chini alikokaa. "Hilo nilikwisha kulizika. Mwanangu yuko wapi?"

Kofia Nyeupe akavua kofia. Kichwa chake kilikuwa kimelowa jasho. Akasema kwa sauti ndogo kwamba bomba ni la moto, hakuna awezaye kuchungulia mpaka lipoe, na kupoa kunachukua muda. Hakusema kama Cheche yumo, wala hakusema kama hayumo. Ile ndiyo kazi wanayosomea wakubwa, kusimama katikati ya maneno mawili wasiguse hata moja.

Basi wakangoja. Watu wa mtaani walikuwa wamejaa getini. Jua lilikuwa linapanda. Wageni, waliokuwa bado hemani, walipelekewa maji ya kunywa. Kinyozi aliona chupa zinapita kwenye sinia, akazitazama kama mtu anayetazama mambo ya nchi nyingine. Kichwani alikuwa anajiuliza atamwambia nini mama mtu, kule aliko. Kwamba alimwacha akaenda. Kwamba asubuhi alimnyima hata kicheko.

"Jamani kuna nini hapa? Nani kafa?"

Sauti ilitoka upande wa barabarani, nyuma ya watu. Watu wakageuka. Wakapasuka katikati kama kitambaa. Cheche alikuwa amesimama na boksi la vijiti vya kuchomelea begani, ovaroli imefungwa kiunoni, viatu vyeupe kwa vumbi, ana hasira ya mtu aliyetembea mbali bila sababu.

Mama Rangi alipiga yowe akaangusha maua. Kinyozi hakupiga yowe. Alijaribu kusimama, akashindwa, akaenda kwa magoti, hatua mbili tatu za mtoto anayejifunza, mpaka akashika viatu vya binti yake. Akavishika vyote viwili, akavikamua kama anataka kuhakikisha ndani mna miguu.

"Baba. Baba, inuka. Watu wanatuangalia."

"Waangalie," akasema. "Waangalie mpaka washibe."

Cheche akaweka boksi chini, akachuchumaa, akamshika baba yake uso. Kisha akamwona Redio nyuma yake, nusu upara nusu msitu, kitambaa shingoni, anafuta machozi kwa pindo la kitambaa chenyewe. Akakodoa macho.

"Na huyu naye, imekuwaje? Mashine imezima?"

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko cha kawaida, ni kile cha mtu aliyebanwa kifua halafu akaachiwa. Mlinzi wa geti alicheka mpaka akaegemea uzio. Redio alijishika kichwa pande zote mbili, kana kwamba ndio kwanza anakumbuka, akasema yeye ndiye aliyeumia kuliko wote na anataka fidia. Hata Kinyozi akacheka, machozi na makamasi pamoja, na kicheko chake kilikuwa na kutu, cha mtu ambaye hajakitumia tangu msafara ule upite.

Kisa chenyewe Cheche alikieleza palepale, mkono wa baba yake ukiwa bado umemng'ang'ania mkanda. Alifunga kufuli, akavaa glavu, akafungua vijiti vya kuchomelea akakuta vimepata unyevu. Vijiti vibichi havishiki. Stoo iko chini kabisa, nje ya uzio wa kituo, na pikapu ya kifusi ilikuwa inateremka. Kama angelitoa kufuli kwanza, kwa sheria yao, ingebidi amtafute msimamizi wa zamu amshuhudie, halafu akirudi amtafute tena ashuhudie akilifunga. Na msimamizi siku hiyo alikuwa anapanga viti. Akaona, si naenda na kurudi? Akaliacha likining'inia, akarukia pikapu, wakatokea geti la nyuma. Ni kosa. Kwao mtu akikutwa ameacha kufuli na yeye hayupo, wenzake humtania mwezi mzima kwamba ameacha kichwa nyumbani.

Stooni hakukuta mtu. Mtunza stoo naye alikuwa ameitwa hemani kufunika viti vitambaa. Cheche akakaa kwenye ngazi, anamngoja, anawatukana wakubwa na viti vyao, na yuko hapo anawatukana ndipo akasikia bomba lake linalia. Akavunja dirisha la stoo, akachukua vijiti, akaanza kupanda kwa miguu, kwa sababu magari yote yalikuwa yamezuiliwa kwa ajili ya wageni.

"Ulivunja dirisha ukachukua vijiti?" Mama Rangi akauliza. "Umesikia bomba linalia na bado ukachukua vijiti?"

"Sasa nirudi mikono mitupu?"

Kinyozi alisikiliza na moyo wake ukavutwa huku na huku. Maisha yake yote ya upweke amewachukia wakubwa kwa makini, bila kuruka siku. Na sasa ikawa viti vyao, vile viti vyenye vitambaa, ndivyo vilivyomweka mwanawe nje ya bomba. Aliitafakari hesabu hiyo akaona haimpendezi. Akaamua kumshukuru Mungu peke yake, na viti visipate kitu.

Walishuka mtaani polepole, Cheche katikati, baba upande huu na Mama Rangi upande huu. Kila mlango uliokuwa wazi ulitoa mtu, na kila mtu alitaka kumgusa Cheche mkono. Kinyozi, ambaye siku zote husalimia kwa kukohoa, alikuwa anawaita majirani kwa majina ya watoto wao, anawauliza wazima, anawaambia mwanangu huyu hapa, kana kwamba wamepitwa. Kibandani alikuta mlango wazi, jenereta linavuma, hakuna kilichoibiwa. Akamkalisha Redio akamalizia kichwa. Akamkata sikioni kidogo. Redio, kwa siku hiyo tu, hakulalamika. Cheche alikuwa amelala kwenye benchi la wateja, viatu na vyote, mdomo wazi kidogo, na kila baada ya muda Kinyozi alizima mashine ili amsikie anavyopumua. Halafu aliwasha, akaendelea.

Jioni alimtengea chakula, akakaa anamtazama anakula mpaka Cheche akamwomba ageukie upande mwingine. Akageuka. Alikuwa anatabasamu na ukuta.

Jumamosi, saa za mchana, Kofia Nyeupe aliingia kibandani. Alikuja bila gari na bila watu wa kumfuata nyuma. Wateja waliokuwa wakingoja wakakumbuka shughuli nyingine, isipokuwa Redio, ambaye hakuwa na nywele wala shughuli. Cheche alikuwa amekaa kwenye benchi, anamenya chungwa. Kofia Nyeupe akamsalimu Cheche kwanza, kisha akamwamkia mwenye kibanda shikamoo, jambo ambalo hakuna aliyelitegemea. Akaomba kunyolewa ndevu.

Kinyozi alimkalisha, akamfunga kitambaa, akampaka povu, akafungua wembe mpya mbele ya macho yake. Akaanza chini ya sikio. Kofia Nyeupe alizungumza kwa kubana midomo. Alisema amekuja kwa nafsi yake, si kwa kutumwa. Alisema amemfutia Cheche onyo la kuacha kufuli, na kuanzia sasa wageni hawataingia siku ya kufungua mvuke. Alisema samahani. Neno hilo lilitoka kwa taabu kama jino, lakini lilitoka, na Kinyozi alilipokea. Alishangaa mwenyewe kuona hana hasira ya kutosha. Alipoitafuta kifuani alikuta nafasi imekaliwa na kitu kingine, chepesi, kinachomfanya kila saa ageuke kutazama benchi.

"Lile kufuli," Kofia Nyeupe akaendelea, "lilionekana limesahauliwa. Na kweli lilikuwa limesahauliwa. Ilidhaniwa kwamba bomba halina mtu, na kweli halikuwa na mtu."

Kinyozi akausimamisha wembe. Akaufuta povu kwenye kitambaa, upande huu na upande huu.

"Ilidhaniwa," akarudia. "Hilo neno halina baba. Mimi nina shule ndogo, bosi, lakini najua kudhani kuna mwenyewe."

"Watu walikuwa wengi pale kwenye valvu. Kila mtu anasema alisikia mwingine akisema kata."

"Na wewe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Baba, mmalizie mtu ndevu, ana kazi," Cheche akasema kutoka benchi, mdomo umejaa chungwa. Lakini naye alikuwa ameacha kumenya.

"Namalizia, mama. Simkati. Nimefurahi mno wiki hii, siwezi kumkata mtu." Akamwinua kidevu Kofia Nyeupe kwa kidole kimoja, taratibu, wembe ukapita kooni laini bila kuacha hata alama. Akamwosha uso kwa maji ya uvuguvugu, akampangusa, akamgeuzia kioo ajione. Kazi ilikuwa safi. Redio akaitikia kwa kichwa.

"Sitaki jina la mtu," Kinyozi akasema. "Jina mtaleta mkipenda, na mkileta litakuwa la mdogo. Nataka kujua kitu kimoja tu, na wewe ulikuwepo. Kabla ya ule mkasi kugusa kufuli la mwanangu, katika watu wote wale, kuna hata mmoja aliyeinama kwenye mdomo wa bomba akaita?"